Niliiambia mia, ikaenda hamsini

"Soma tena," nilimwambia mdogo wangu.

"Hamsini, kaka. Hamsini kamili."

Alikuwa ameinama juu ya ubao na rula ya chuma mkononi, mimi macho kwenye kompyuta. Nilikuwa nimekiamuru kichwa cha leza cha mashine yangu ya kuchonga kisogee milimita 100 kwenda kulia, na kila mmoja wetu alikuwa na ushahidi wake. Wangu ulikuwa mstari huu:

<Idle|MPos:100.000,0.000,0.000|FS:0,0>

Yaani programu ilikuwa inaapa, tena kwa desimali tatu, kwamba imefika mia.

"Sasa hapo mwongo nani?"

Mwongo nilikuwa mimi, ila siku ile sikujua. Programu dhibiti inayoendesha mashine za namna hii haioni. Haina jicho, haina hata kidole cha kupapasia. Inatuma mapigo ya umeme kwa draiva za mota (vibodi vinavyozizungusha), inayahesabu, inayagawa kwa namba uliyoipa wewe, kisha inatangaza iko wapi. Mota ikikwama, mkanda ukiruka meno, puli ikizunguka bure, yenyewe inaendelea kuhesabu bila wasiwasi. Karibu kila usiku nilioupoteza kwenye mashine ile ulikuwa na chanzo hichohicho: kuna kitu nilikuwa nimeiambia juu ya mashine ambacho si kweli, nayo ikaniamini.

Mashine yenyewe si ya ajabu. Fremu ya alumini, mota moja ya stepa (ya kwenda hatua kwa hatua) upande wa X, mbili upande wa Y, mikanda ya GT2, bodi ya Arduino Uno iliyokuwa imelala kwenye droo, na juu yake ile bodi nyekundu ya CNC Shield V3 inayobeba draiva. Leza ni ya diodi, ya bluu, nanomita 450. Programu ni Grbl 1.1. Grbl ilianzishwa na Simen Svale Skogsrud mwaka 2009, halafu Sungeun Jeon akaishika na kuikuza kwa miaka mingi. Mpaka leo nikiwaza kwamba kitu hiki chote, pamoja na akili ya kupanga miendo 16 mbele, kimebanwa kwenye chipu yenye kilobaiti 32 za programu na kilobaiti 2 za kumbukumbu, navua kofia. Ziko programu changa zaidi, grblHAL na FluidNC, zinazotumia chipu zenye misuli. Ningekuwa naanza leo huenda ningeanzia huko. Lakini Uno ndiyo iliyokuwa kwenye droo.

Kuipakia hakukunisumbua sana, nikiondoa saa mbili za ujinga. Saa ya kwanza niliimaliza na waya wa USB ambao kumbe ni wa kuchajia tu, hauna nyuzi za data ndani, kwa hiyo kompyuta haikuiona bodi kabisa. Saa ya pili niliimaliza na folda. Ukishusha Grbl unapata folda kubwa, na ndani yake kuna folda nyingine ndogo iitwayo grbl. Hiyo ndogo ndiyo inayoingizwa kwenye maktaba za Arduino IDE, programu ya kupakia bodi hizi. Mimi niliingiza kubwa. Ukishaingiza iliyo sahihi unafungua mfano uitwao grblUpload, ambao una mstari mmoja tu wa maana, na unapakia. Basi.

Nilipofungua dirisha la mawasiliano kwa kasi ya 115200, ikajitambulisha kwa jina na toleo. Nikaandika $$ na kubonyeza kitufe cha kuingiza. Ikamwaga mistari thelathini na kitu: $0=10, $1=25, $2=0, ikaendelea hivyo hadi $132=200.000. Mara ya kwanza nilipoiona orodha ile niliipitisha macho kama mtu anavyopitisha macho masharti ya mkataba, nikasema haya mambo ya wenyewe, tuendelee. Ningekaa nayo nusu saa tu siku ile, nisingekuwa na simulizi ya kuandika. Orodha ile ndiyo yote ambayo Grbl inajua juu ya mashine yako. Ikitoka bila kuguswa, inaamini kwamba una mashine inayohitaji hatua 250 kwa kila milimita, inayotembea milimita 500 kwa dakika, na yenye urefu wa milimita 200 kila upande. Yangu haikuwa hivyo hata kwa jambo moja.

Turudi kwenye hamsini. Hesabu ya hatua kwa milimita ni ya shule ya msingi. Mota ya kawaida ya digrii 1.8 ina hatua 200 kwa mzunguko. Draiva ikizigawa kila moja mara 16, unapata 3200. Puli ina meno 20 na mkanda wa GT2 una milimita 2 kutoka jino hadi jino, kwa hiyo mzunguko mmoja unavuta milimita 40. Gawa 3200 kwa 40, unapata 80. Nikaandika $100=80 kwa X na $101=80 kwa Y. Y ikaenda mia ikafika mia. X ikaenda mia ikafika hamsini.

Kisa cha X kilianza wiki moja kabla. Mota mbili za Y zilikuwa zinashindana, moja inavuta mbele na nyingine nyuma, kwa sababu zimefungwa zikitazamana na mimi nilizipa waya sawasawa. Dawa yake ni kugeuza plagi ya moja. Nikaigeuza, ikakubali, nikafurahi, na katika furaha hiyo nikachomoa plagi ya X pia nione kama inakaa vizuri. Umeme ulikuwa unawaka. Hakukuwa na mlio wala cheche, ila draiva ya X haikunena tena. Draiva hizi hazipendi kabisa mota ichomolewe zikiwa kazini. Ile koili ikiachwa ghafla inarudisha volti kubwa na chipu inakufa kimyakimya.

Zilizokuwepo zilikuwa A4988. Kwenye kopo la vipuri nikapata draiva nyingine ya umbo lilelile na miguu ileile, nikaikagua kwa makini isije ikaingia kinyume (nilijisifu sana kwa hilo), nikaichomeka. Ilikuwa DRV8825. Chini ya kila draiva kuna nafasi tatu za jampa (vifuniko vidogo vya kuunganisha pini), M0, M1 na M2. Jampa zote tatu kwenye A4988 maana yake ni kugawa mara 16. Jampa hizohizo tatu kwenye DRV8825 maana yake ni kugawa mara 32. Kwa hiyo kila pigo lilikuwa linazungusha mota nusu ya nilivyoiambia Grbl, na mia ikawa hamsini.

Ningeweza kuandika $100=160 na kwenda kulala. Nikaamua kutoa jampa mbili nikabakiza ya M2 peke yake, ambayo kwa DRV8825 ndiyo 16, ili X na Y zifanane. Sababu nyingine ni kwamba Grbl kwenye Uno haipiti mapigo 30,000 hivi kwa sekunde. Kwa hatua 80, hiyo ni milimita 375 kwa sekunde, nafasi tele. Kwa 160 unaikata katikati. Kwa leza yangu isingeonekana, lakini sikuona sababu ya kulipia kitu nisichokitumia.

Na bado sikuwa nimemalizana na draiva ile. Kuna skrubu ndogo juu yake ya kurekebisha mkondo, unapima volti kati yake na graundi (sifuri ya umeme) huku umeshika bisibisi kwa mkono mmoja na pumzi kwa mwingine. A4988 zangu zina rezista za omu 0.1, na kwa hizo volti 0.8 ni ampea 1. Nikaiweka DRV8825 nayo 0.8 kwa mazoea. Kwa DRV8825 unazidisha volti mara mbili kupata ampea: hiyo ni 1.6. Baada ya dakika kumi mota ya X ilikuwa haishikiki. Nikashusha hadi 0.5. Namba ile haimo kwenye $$, Grbl haiijui wala haiulizi, lakini inaamua kama mapigo inayoyahesabu yatageuka kuwa mwendo au joto tu.

Baada ya hapo nikaingiwa na ugonjwa wa kupima. Nilichora mstari wa milimita 100 kwenye Y, nikaupima kwa kalipa, nikapata 99.3. Nikafanya kile ambacho wengi hufanya: nikapiga hesabu, 80 mara 100 gawanya kwa 99.3, nikapata 80.56, nikaandika $101=80.56. Nikachora tena, 100.0. Nikajiona fundi.

Siku mbili baadaye nikachora fremu ya milimita 200. Ikatoka 200.7. Nikachora duara, mwanzo na mwisho wake havikukutana, vilipishana kwa unene wa ukucha. Nikakaa chini na kalamu. Kama kosa lingekuwa kwenye hatua kwa milimita, lingekua pamoja na urefu: 0.7 kwenye mia, 1.4 kwenye mia mbili. Langu lilikuwa 0.7 palepale, mstari uwe mfupi au mrefu. Hiyo si hesabu mbovu, ni kitu kinacholegea kila mwendo unapogeuka. Nikashika puli moja ya Y kwa vidole, nikazungusha kidogo, ikacheza kwenye mhimili wa mota. Kile kiskrubu kidogo cha kuibana hakikuwa kimekalia upande uliochongwa bapa. Nikakikaza, nikarudisha 80, mstari ukatoka 100.0 na fremu ikatoka 200.0.

Tangu hapo nina msimamo mkali, na najua si kila mtu anakubaliana nami: kwa mashine ya mkanda, namba ya hatua kwa milimita inatoka kwenye meno ya puli, si kwenye kalipa. Ikikataa kulingana, tafuta skrubu, mkanda uliolegea, au puli ya meno 16 uliyodhani ni 20. Mficha maradhi kifo humuumbua, na desimali ndiyo shuka zuri kuliko yote la kufichia maradhi ya mashine.

Kasi nitaipitia haraka. $110 na $111 ni kasi ya juu kabisa, nazo ni milimita kwa dakika. $120 na $121 ni mchapuko, nao ni milimita kwa sekunde kwa sekunde. Mimi nilidhani vyote ni dakika, nikaandika 6000 kotekote. Mashine ilipoanza, mota zilitoa mlio kama wa nzi aliyenaswa kwenye chupa, zikatetemeka bila kwenda. Nikapunguza mchapuko kidogokidogo hadi zikaenda, nikaona imetosha, nikaanza kuchonga jani la mwembe. Katikati ya kazi nusu ya chini ya jani ikahamia kulia milimita nne hivi, ikaendelea kuchorwa vizuri kabisa mahali pasipo pake. Mota ilikosa hatua kadhaa kwenye kona moja, na Grbl haikuwa na namna ya kujua. Sasa niko 6000 kwa kasi na 500 kwa mchapuko. Kibao hicho cha jani lililokatika ninacho bado, nakiwekea kikombe.

Kilichonipa jasho zaidi ni kuirudisha mashine nyumbani, ile amri ya $H inayopeleka kichwa hadi kigonge swichi za kikomo ili mashine ijue sifuri iko wapi. Nikafunga swichi mbili, X na Y. Nikaandika $22=1 kuiruhusu. Nikaandika $H. Kimya. Hakuna kilichosogea. Baada ya nusu dakika na ushei ikaja ALARM:9, yaani nimetafuta swichi sikuiona. Nikapima swichi, nzima. Nikapima nyaya, nzima. Nikabadilisha swichi. Nusu dakika, ALARM:9.

Ajabu ni kwamba nusu dakika ile ndiyo ilikuwa jibu, laiti ningeisikiliza. Grbl imezaliwa kwa mashine za kuchonga zenye ncha inayozunguka, na mashine hizo kabla ya kusogea kokote lazima zipandishe Z, yaani mwendo wa juu na chini, ncha isije ikaburuza kwenye kazi. Kwa hiyo $H huanza na Z. Yangu haina Z. Ilikuwa inatuma mapigo kwenye nafasi tupu, ikitafuta swichi isiyokuwepo, kwa umbali wa mara moja na nusu wa urefu wa Z iliyoandikwa kwenye $132. Milimita 200 mara 1.5 ni 300. Kwa mwendo wa 500 kwa dakika, hizo ni sekunde 36. Ilimaliza safari yake yote ya kuwazia, ndipo ikalalamika.

Hili halirekebishwi kwa $ yoyote. Unaingia kwenye faili liitwalo config.h, unatafuta mistari ya HOMING_CYCLE, unaiambia mzunguko wa kwanza ni X na wa pili ni Y, Z unaitoa, kisha unapakia upya. Nikafanya hivyo. Nikapakia. $H. Nusu dakika, ALARM:9.

Nilirekebisha na kupakia mara nne usiku ule. Mara ya tano niliandika upuuzi makusudi katikati ya faili, herufi tupu zisizo na maana, nione kama itakataa. Ikapakia vizuri kabisa. Hapo nikacheka peke yangu. Nilikuwa nahariri nakala iliyobaki kwenye folda ya vitu nilivyoshusha, wakati Arduino IDE inasoma nakala yake iliyo kwenye folda ya maktaba. Siku hizi nikihariri faili lolote la namna hii na mabadiliko hayaonekani, kitu cha kwanza ni kuliharibu makusudi. Lisipopiga kelele, basi si lenyewe.

Ilipokubali, kichwa kikaenda kulia mpaka kona ya mbali, kikagonga swichi, kikarudi nyuma milimita moja, na Y nayo hivyohivyo. Kisha kila nilipotaka kukisogeza, namba za mahali zikawa hasi. Usihangaike nazo kama nilivyohangaika. Grbl inahesabu kona ya juu kulia kuwa sifuri na eneo lote la kazi kuwa hasi, ndiyo desturi ya mashine za CNC (zinazoendeshwa kwa kompyuta). Ukitaka kona yako iwe kushoto chini, ipo $23 ya kugeuza upande wa kurudi.

Zikaja kengele za uongo. Kazi inaendelea vizuri, ghafla mashine inasimama, ALARM:1, yaani nimegonga kikomo. Haijagonga chochote, iko katikati kabisa. Nyaya za swichi nilikuwa nimezifunga pamoja na nyaya za mota, zikiwa zimepangwa vizuri kwa tai za plastiki, zinapendeza kwa macho. Mapigo ya mota yalikuwa yanaruka na kuingia kwenye nyaya za swichi, na pini ya Uno, ambayo huvutwa juu na rezista dhaifu ya ndani ya chipu, ilikuwa inadhani swichi imebanwa. Nikatenganisha nyaya, nikaweka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya kila pini na graundi, na nikabadilisha swichi zifungwe wakati wa kawaida na zifunguke zikigongwa. Faida ya mwisho hiyo naipenda: waya ukikatika, mashine inasimama badala ya kwenda kugonga ukuta.

Swichi zikigeuka hivyo lazima uandike $5=1. Nikaandika. Mashine ikawaka ikiwa imejifunga, na ujumbe wa kukagua vikomo. Nikaandika alama ya kuuliza, ikajibu na Pn:Z ndani yake. Z tena! Nilikuwa nimegeuza maana ya pini zote tatu, na pini ya Z isiyo na swichi sasa ilikuwa inasomeka kama imegongwa daima. Dawa ni kuiunganisha na graundi, moja kwa moja. Nikachukua jampa, nikatafuta palipoandikwa Z- kwenye bodi nyekundu, mkono ukawa tayari juu yake.

Sijui ni nini kilichonizuia. Labda kuchoka tu. Nilisimama, nikaenda kuangalia kwanza ramani ya pini.

Bodi ile ilichorwa wakati wa Grbl 0.8. Wakati ule swichi ya Z ilikuwa pini 11 na kuwasha spindo (mota ya ncha inayozunguka, kwangu leza) ilikuwa pini 12. Kuanzia 0.9 wakazibadilishana, kwa sababu pini 11 ndiyo inayoweza kutoa mapigo ya PWM ya kupunguza na kuongeza nguvu. Bodi haikubadilisha maandishi. Kwa hiyo palipoandikwa Z- na Z+ ndipo inapotoka amri ya leza, na pini halisi ya swichi ya Z imeandikwa SpnEn. Jampa yangu ingefunga graundi mdomoni mwa pini inayotoa volti 5 kila leza inapowaka. Nikaiweka jampa kwenye SpnEn, na waya wa leza kwenye Z+, nikiwa najisikia kama mtu anayeweka chumvi kwenye kopo lililoandikwa sukari.

Leza ilipoungwa ikanipa somo lake ndani ya sekunde mbili. Niliwasha umeme wake, miwani ya kinga ikiwa mezani kwa sababu bado "sijaanza", nikabonyeza kitufe cha kuunganisha kwenye kompyuta. Pembeni ya jicho nikaona mwanga wa bluu, halafu harufu ya mbao. Ilizima yenyewe. Kwenye ubao kulikuwa na shimo jeusi la ukubwa wa punje ya mtama.

Kila kompyuta inapofungua mawasiliano na Uno, Uno inajiwasha upya. Kwa muda huo mfupi Grbl haijaanza, na pini 11 haiko juu wala chini, inaelea. Draiva yangu ya leza inapoona pini inayoelea inaisoma kama ruhusa, tena ya nguvu zote. Nikaweka rezista ya kilo-omu 10 kutoka kwenye waya wa amri hadi graundi, ikatulia. Na utaratibu ukabadilika kabisa: miwani iliyotengenezwa kwa nanomita 450 inavaliwa kabla ya plagi yoyote, kompyuta inaunganishwa, Grbl inajitambulisha, ndipo swichi ya leza inawashwa, ya mwisho. Mdogo wangu haingii chumbani hadi nimuite. Nilimnunulia miwani yake.

Kazi ya kwanza ya leza ilitoka hafifu, rangi ya chai ya maziwa. Nikapunguza mwendo, bado hafifu. Nikaanza kuamini nimeuziwa leza mbovu. Programu ya kuchorea niliyotumia ilikuwa inatuma nguvu kuanzia S0 hadi S255, na $30 kwenye Grbl, namba inayohesabiwa kuwa nguvu zote, ilikuwa 1000. Kwa Grbl, 255 kati ya 1000 ni robo. Ilikuwa inatii. Nikaandika $30=255, ubao ukaungua hadi upande wa pili kabla sijarudisha mwendo.

Halafu $32. Ikiwa 0, Grbl inadhani ina spindo, na spindo ikibadilishiwa kasi inahitaji mashine isimame kwanza. Picha yenye vivuli inabadilisha nguvu mamia ya mara kwa mstari mmoja, na kila mara mashine inasimama kidogo huku leza imewaka. Niliwahi kuchonga sura ya mtu kwa namna hiyo. Ilitoka kama ana tetekuwanga. $32=1 inaifanya ibadilishe nguvu bila kusimama, na kuzima leza kila inapohama bila kuchonga. Na badala ya M3, amri ya kuwasha leza kwa nguvu ileile, tumia M4, ambayo inapunguza nguvu kadiri kichwa kinavyopunguza mwendo. Kwenye kona kichwa lazima kipunguze mwendo, na kwa M3 kila kona inabaki na doa jeusi. M3 naitumia kwa kukata tu.

Mipangilio yote ile Grbl huiweka kwenye EEPROM, na haifutiki ukizima. Hilo liliniponza mara moja: niliandika $RST=* nikitaka kufuta kitu kidogo, ikafuta kila kitu, ikarudi kuamini hatua 250 kwa milimita. Sikuwa nimenakili popote. Nilizirudisha namba kwa kumbukumbu, jioni nzima, na mbili kati yake nilizikosea. Sasa kila nikibadilisha chochote naandika $$, nanakili orodha yote kwenye faili lenye tarehe, na pembeni ya kila namba niliyoigusa naandika kwa nini. Faili la kwanza lina namba tu. La mwisho lina maelezo mengi kuliko namba.

Juzi mdogo wangu aliniomba amuunganishie rafiki yake mashine kama hii, bodi nyekundu ileile. Kabla hata ya kutoa draiva kwenye pakiti, alichukua plasta nyeupe ya kidonda, akakata kipande kidogo kama ukucha, akakibandika juu ya Z+ na Z-, akaandika kwa kalamu: LEZA.